Hadidja na Ramani ya Robine

Mwaka 1976 Hadidja alikuwa akifundisha hesabu kwenye shule moja ya sekondari huko Tshopo, Kisangani. Alikuwa mjane, Mwislamu mzaliwa wa Kasongo, hana mtoto. Lituma, ndizi za kupondwa, aliyopika jioni ilikuwa ya kumtosha mtu mmoja.

Wanafunzi wake walikariri kugawanya bila kuelewa. Siku moja akawaambia, "Leo mutatoka inje. Kila mutu ahesabie hatua toka kwao mupaka kwa robine ya maji, na watu wenye kuteka pale."

Wakachora ramani juu ya karatasi za mifuko ya sementi, hatua mia kwa sentimita moja. Agathe, msichana aliyeteka maji kila alfajiri kabla ya masomo, akagawanya: nyuma ya soko, watu mia sita na kumi na wawili kwa robine moja. Kwenye barabara ya wakubwa, watu sita.

"Maman, nilikosea wapi?"

"Haukukosea."

Ramani ikabandikwa ukutani.

Juma lililofuata mkuu wa shule akamwita, akaanza na 'raia' ya Kifaransa kama serikali ilivyoagiza. "Citoyenne, ile iko hesabu ao politique?"

"Iko division, kugawanya tu, citoyen."

"Bon. Itoshe kwa ukuta, iondoke pale."

"Wanafunzi ndio walipima. Siwezi kuwaambia ya kwamba iko uongo."

Mwezi haukuisha, akahamishiwa Yahuma, mbali ndani ya msitu. Walimu wenzake waliacha kumsalimia hata kabla hajafunga sanduku. Agathe peke yake ndiye aliyemsindikiza hadi bandarini, mtoni.

Huko Yahuma alifundisha watoto wa shule ya msingi. Aliongea nao Lingala. Kiswahili alibaki nacho kwa dua na kwa kujisemesha mwenyewe. Agathe alimwandikia mara mbili, kisha barua zikakoma.

Mwaka 1985 ikaja ruhusa ya kurudi mjini. Dereva wa lori, Léon, akamngoja asubuhi nzima.

"Maman, tuende?"

"Enda tu, tonton. Kule hakuna mutu ananingojea."

Lori lilipopotea akajuta. Akaketi juu ya sanduku mpaka jua la mchana likamkuta pale, ndipo akaenda darasani.

Alifariki huko baada ya miaka minne. Watu wa Yahuma walimpenda, lakini hakukuwa na Mwislamu mwingine kati yao. Wakamsimamisha mchuuzi mmoja aliyevaa kanzu, aliyekuwa akipita njia, awaonyeshe namna ya kumlaza kaburini.