Kidudu cha Baharini Mtaani Jericho

Mapema miaka ya themanini niliishi peke yangu mtaa wa Jericho, Nairobi, chumba kimoja na jiko, na kazi yangu ilikuwa kulea kidudu cha baharini. Maabara yetu ilikuwa Industrial Area. Maji ya bahari yalitujia kwa treni kutoka Mombasa, kwenye mitungi ya plastiki, na humo nikakuta bakteria ya rangi ya chungwa isiyofanana na yoyote iliyoandikwa vitabuni.

Nilikihoji kidudu kile kama mkwe anayekuja kuposa. Kinakula sukari gani? Kinastahimili joto kiasi gani? Nikipunguza chumvi, kinakufa, kwa hiyo hata kwenye maji ya bomba la Nairobi kisingeishi, sembuse mwilini mwa mtu. Wenzangu walipima maziwa na maji ya kunywa, na mambo yangu ya bahari waliyaona ya kupoteza wakati. Siku nyingine nilitoka kazini sijazungumza na mtu.

Nyumbani nilikuwa na jirani, mama mcheshi aliyekuja kwangu kuomba sukari na kuniita kwake chai. Jumamosi moja, tukiteka maji, akaniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nikamwambia nafuga vidudu. Tangu siku hiyo sukari yangu haikuombwa tena, wala sikuitwa chai. Iliniuma sana, maana mtaani kwetu usipoombwa kitu ni kama umehama. Nikajiliwaza kwamba kidudu kikithibitishwa kuwa kipya nitamweleza vizuri, ataona fahari, na mambo yatarudi yalivyokuwa.

Majibu yakaja kutoka ng'ambo, nilikokuwa nimekituma kilinganishwe na jamaa zake wote wanaojulikana. Kilikuwa kipya kweli. Nilitembea hadi nyumbani nikicheka peke yangu, watu wakinishangaa.

Jirani nilimkuta uani akianika nguo kwenye waya wetu wa pamoja. Nikamwaga yote pale pale: jinsi nilivyokipata, jinsi duniani kote hakuna aliyewahi kukiona kabla yangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa sista," akasema polepole, "kama hiyo kitu ni mpya, si basi haina dawa?"

Nikamwambia haihitaji dawa, haimdhuru mtu. Akaitikia kwa kichwa, akanipa hongera kwa adabu kabisa. Kisha akaanza kuanua nguo zake, moja moja, zikiwa bado zinachuruzika maji, akaingia nazo ndani.