Choo cha Zamani Kilikuwa Wapi?

Wakazi wa Kitengela, simameni kwa heshima: ardhi yenu imeshaingizwa ndani ya kompyuta, na anayeitawala ni mhandisi mmoja mwanamke mwenye kucha zilizojaa udongo mweusi. Kazi yake ni kukadiria udongo utashuka kiasi gani mashine zikipitisha handaki la maji taka chini ya nyumba zetu. Kabla ya kuandika namba yoyote hufinya bonge la udongo, hulinusa, kisha humuuliza kila mwenye nyumba swali lile lile, kwa sauti ya chini kama ya daktari: "Choo cha zamani kilikuwa wapi?" Wengi huapa hawajawahi kuchimba choo, utadhani walihamia hapa wakiwa malaika.

Jana jirani yangu Nakhumicha alikana mara mbili, halafu akanong'ona, "Hapo chini ya sofa, madam. Tulijaza takataka, tukamwaga simiti juu." Mhandisi akafuta rangi zote za ramani kwenye skrini, akaanza kukokotoa upya mpaka chai yake ikapoa.

"Haya, madam," nikamchokoza, "sayansi inamwambia nini mama wa watu?"

"Sebule itazama. Ahame kabla hawajaanza kuchimba."