Mwalimu Mutabazi na Mnyaa wa Mpakani

Mwalimu Mutabazi alikulia Bukavu akasomea Kifaransa, na sasa, uzeeni, anafundisha Kiingereza darasa la sita huku Mururu, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Jumanne ile walifika kwenye kitenzi «dupe». Hakuhitaji kamusi, maana Wafaransa nao wana chao kinachofanana nacho.

"Ni kudanganya muntu, lakini haiko uongo tu," aliwaambia watoto. "Ule mwenye unadanganya lazima akuamini, kisha afanye ye mwenyewe kintu ya kumuumiza."

Akaandika mfano ubaoni: fisi alim-dupe mbuzi, mbuzi akamfungulia mlango. Watoto wakanakili. Mawazo yake yalikuwa kwa jirani yake Anastase, na kwa kikao cha wapatanishi alasiri ile.

Mama yake Mutabazi alirudi naye kutoka Kongo, akafa mwaka wa pili, akazikwa upande wa chini wa shamba la ukoo. Hati ya shamba ilikuwa bado haijatoka. Siku ya kuondoa matanga Anastase alileta mtungi wa pombe ya ndizi, majirani wanne, na vijiti vya mnyaa.

"Mwalimu, panda hii muti hapa, upande ya juu ya kaburi," alimwambia, "mbuzi ya batu isimukanyage Maman. Panda na mikono yako, ni mama yako."

Mutabazi akapanda mstari mzima huku machozi yanamtoka, kisha akanywa na wenzake. Kwa mtu wa Bukavu mnyaa ni mti wa uzio tu, wa kuzuia mifugo. Hakujua kwamba kilimani hapa, mnyaa uliopandwa na mwenye shamba na kunywewa pombe mbele ya majirani ndio mpaka, na kwamba kila kilicho upande wake wa chini, kaburi likiwemo, amempa jirani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Anastase alipona kweli kweli, Mungu amlipe anavyostahili.

Msimu uliofuata Anastase akalima mihogo hadi ubavuni mwa kaburi. Mutabazi hakutaka shamba lote. Alitaka mama yake alale kwao.

Kwenye kikao, mwenyekiti, mama mmoja aitwaye Nyirabagenzi, aliuliza kwa sauti ya huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko ukali.

"Nani alipanda?"

"Miye."

"Balikulazimisha?"

"Hapana, Maman."

"Na pombe ulikunywa?"

"Nilikunywa."

Majirani wale wanne wakatikisa vichwa kuafiki, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema uongo. Wapatanishi wakaamua mpaka ni mnyaa.

Watu walipoinuka, Anastase akamshika mkono mbele ya wote.

"Tusichukiane, Mwalimu. Kaburi ya Maman utakuya kuiona siku yote. Ila upige hodi kwanza."

Mutabazi, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, akasema asante.