Stendi ya Ndege Uani kwa Jirani

Juzi gulioni Kishapu nilimwona fundi akichomelea tela la ng'ombe. Alilifunga kati ya miguu miwili ya chuma, akawa analigeuza kwa mkono mmoja na kuchomelea bila kuinama. Nilisimama pale hadi chai yangu ikapoa. Wewe uliyekulia Shinyanga miaka ya sabini, huenda unamkumbuka jirani yetu, fundi wa kiwanda cha pamba, aliyekuwa akiunda ndege uani kwake.

Makasha yenye vipande vya ndege hiyo aliachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Mbao zilikuwa zimekatwa tayari, kazi ilikuwa kuziunga. Jirani alitengeneza stendi kwa ekseli ya mkokoteni, bodi ya ndege ikakaa hewani kama mbuzi wa kubanika. Akitaka kupaka gundi tumboni, aliizungusha tumbo likawa juu, na gundi haikudondoka. Ua mzima ulinuka gundi na mbegu za pamba. Bibi yangu, akikata viazi vya michembe ya kuanika juani upande wa pili wa ua, alisema kitu kile hakitaruka, kitamrusha akili mwenyewe. Kilikuwa na viti viwili. Sikuthubutu kuuliza cha pili ni cha nani.

Jirani aliposafiri kwenda Dar es Salaam kutafuta injini, aliniachia ufunguo wa ua na banda lake.

"Kila asubuhi izungushe kidogo, jua lisiipinde. Na isiguse chini."

Ndipo mjomba akaoa. Alikuwa amefanya kazi Moshi, akaona huko mbuzi mzima aliyebanikwa akiletwa mbele ya wageni, naye akamtaka wake.

"Mpwa wangu, kile chuma cha jirani kinazunguka vizuri."

"Amesema ndege isiguse chini."

"Kwani nimeomba ndege? Nimeomba chuma. Au unataka wakwe wangu wale mlenda?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Tuliishusha bodi juu ya magunia, bandani. Mbuzi aliiva pande zote. Baada ya harusi stendi ilijaa mafuta na masizi. Nikasema nitaisafisha kesho, na kesho yake nikasema hivyo hivyo. Mvua zikaanza. Nilikuwa nachungulia bandani mlangoni tu, naiona bodi inang'aa, naondoka.

Jirani alirudi na injini juu ya lori. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia bandani. Aligonga ubao kwa kidole, kidole kikapenya. Mchwa walikuwa wamekula ndani kote, wakaacha ngozi ya vanishi.

Alitoka akakaa juu ya kasha la injini.

"Mbuzi alinoga?"

"Alinoga, mzee."

"Haya."

Hakunifokea siku ile wala baadaye. Injini ilikwenda Nyarugusu kuzungusha mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Stendi alimwachia mjomba, ikabanika mbuzi wa kila harusi mtaani hadi ikaliwa na kutu, na nyama yake nimeila mara nyingi. Ua ule sasa ni stoo ya saruji. Jirani alishazikwa, na kile kiti cha pili sikumuuliza.