Mmea wa Marehemu

Fundi baiskeli wa Kitete, na mikono yake ile iliyokolea grisi, hunawa kwa sabuni kabla ya kuugusa ule mmea mdogo wenye majani ya kunata yanayonasa nzi, aliouchimba mbugani marehemu mkewe. Huunywesha maji ya mvua tu. Yeye hunywa ya kisima, yenye chumvi. "Shemeji, si ungefuga kuku ukala mayai?" wanawake humtania. Huguna tu. Alipokwenda Tura msibani, dada yake, mjuaji asiyetumwa, akaumwagia maji ya kisima wiki nzima. Fundi akarudi, akakuta majani meusi.

"Chumvi imeuua, dada."

"Majani hayo, kaka! Mbugani si yamejaa?"

Fundi akakamata nzi, akamweka juu ya jani. Nzi akatembea, akapangusa miguu, akaruka zake.