Baba Alinisindikiza Hadi Ng'ambo

Asubuhi niliyoondoka Butembo kwenda India kusomea uuguzi, baba alinibebea valizi begani hadi parking ya magari ya Beni, si mbali na kwetu Kimemi. Alikuwa amevaa kandambili na suruali yake ya kazi. Yeye ni seremala, na kitanda cha watu waliomwagiza kilikuwa kinamngoja. Mama alikwisha kuniaga nyumbani kwa sala na machozi. Baba alikuwa amesema tu, "Nitakufikisha ku parking."

Ukungu ulikuwa bado umelalia mabati. Gari lilikuwa limebakiza nafasi moja, na shofa hakutaka kuondoka bila kuijaza. Tulingoja hadi nikaanza kuwaza ndege itaniacha Entebbe. Mwishowe baba alifungua mlango akaketi kando yangu.

"Shofa, twende. Ile nafasi ni yangu."

"Na kitanda cha watu?" nikamuuliza.

"Kitangoja. Naenda kusalimia dada yangu ku Beni. Ni siku mingi sijamuona."

Sikufurahi. Nilikuwa nimejiandaa kuondoka peke yangu kama mtu mzima. Lakini baridi ilipoingia dirishani, alivua koti lake akalitandaza magotini pangu bila kuniangalia, nami nikasinzia.

Beni tulikuta joto, na habari mbaya: magari ya Kasindi, mpakani, yanatembea na msafara wa askari tu, na msafara ulikuwa umeshaondoka. Hadi kesho, na ndege yangu ilikuwa keshokutwa usiku. Nililia kwa hasira mbele za watu. Baba hakunibembeleza. Alienda akarudi na ndizi za kuchoma na avoka, akaomba chumvi kwa muuzaji, tukaketi kwenye kivuli cha ukuta wa duka. Avoka lilikuwa limeiva vizuri, laini kama siagi. Nililila lote, naye akanisogezea nusu ya lake.

"Mimi pia nilitakaka kwenda," akasema. "Kampala, kujifunza kazi ya mbao. Nilifika Kasindi, wakanitumia habari baba amegonjwa. Nikarudia pale."

"Hukuniambia hata siku moja."

"Hukuniuliza."

Alisema hivyo kwa upole, huku akipangusa kisu chake kwenye suruali. Usiku ule shangazi alituchinjia kuku, akamcheka kaka yake kwa kusafiri na kandambili. Kesho yake msafara ulipopangwa, baba alipanda gari tena. Safari hii hakutoa sababu, nami sikumuuliza.

Kasindi, kati ya malori na vumbi, mtu wa duane, yaani forodha, alifungua valizi yangu na zipu ikakatika. Unga alionifungia mama ukamwagikia nguo zangu. Baba aliomba kamba kwa dereva wa lori, akapiga magoti na kuanza kufunga, na yule mtu wa duane akainama kumshikia ncha ya pili. "Kaza, mzee," akamwambia. "Mutoto iko anaenda mbali."

Kisha baba akachukua karatasi ya kuvukia ya siku moja, tukavuka kwa miguu. Upande wa Uganda tulikunywa chai ya maziwa na mandazi. Aliinywa polepole, akitazama barabara, maduka, watu wanaopita, kila kitu. Akaagiza kikombe cha pili.

Basi la Kampala lilipowashwa, aliniwekea mkono kichwani, kama zamani alipokuwa akiniombea kabla ya mitihani.

"Hapa mbele sijue njia tena," akasema. "Enda, mama. Utakuwa unaniambia."

Mama alinipigia simu kesho yake usiku, nikiwa Entebbe, kwenye foleni ya kukabidhi mizigo.

"Mulimupatia nini kule?" akauliza. "Tangu arudi, anasimulia majirani chai ya Uganda. Hata chakula kimepoa."

Nilicheka peke yangu, hadi aliyekuwa mbele yangu akageuka kuniangalia.