Aliyechomelea Ndiye Apande Kwanza

Siku ya kwanza kazini nilipewa brashi na kopo la nta. Nilikuwa nimetoka Iyula, mikono imezoea kuchuma kahawa, nikaingia karakana moja ndogo ya Chapwa, kule Tunduma. Fundi Mkuu, mzee wa Ileje asiyecheka ovyo, aliniambia nipake nta kwenye kalibu, yaani umbo linalolaziwa vitambaa vya faiba na gundi hadi vikauke viwe bodi ya gari.

Tulikuwa tunatengeneza magari ya michezo ya wazi, mafupi, yenye sura za zamani. Injini na gia boksi tulitoa kwenye magari yaliyogongwa. Chesi, ile fremu ya chuma inayobeba kila kitu, tuliichomelea wenyewe. Watu walitucheka weee! Eti Wanyiha na Wanamwanga nao wanaunda magari ya matajiri.

Nilipofuzu kuchomelea, Fundi Mkuu alinipa sheria yake. "Aliyechomelea ndiye apande kwanza," alisema. "Kama huiamini kazi yako, usimuuzie mtu." Basi kila chesi ilipokamilika, yeye alishika usukani, mimi nikakaa pembeni, tukashuka mteremko wa kwenda Ileje akikanyaga breki kwenye kila kona. Tukirudi tunalinyanyua gari kwa jeki na kukagua kila kiungo kama kimepata ufa. Safari ya kwanza nilitapika, lakini nilipanda zote.

Fundi Mkuu akastaafu, akaja Meneja. Huyu alifuta safari ya mteremkoni. Alidai wateja wanataka tairi ambazo bado zina vinyweleo vya kiwandani. Nikaendelea kuchomelea. Halafu akaleta mabomba membamba, yale ya kutengenezea grili za madirisha, akataka tuyafanye chesi! Nilipomgomea alisema faiba itayafunika, nani atayaona? Kazi akampa fundi mwingine, naye aliogopa kufukuzwa, akachomelea. Jamani, niliwaka.

Gari lile lilikuwa la kijana wa Zambia, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa anaoa. Siku ya kulichukua alikuja na mchumba wake, akanisalimia kwa heshima, "Bamayo," kama wanavyowaita mama zao. Roho ikaniuma. Nikasimama mbele ya gari, nikamweleza ndani kuna mabomba gani. Meneja akasema nimechanganyikiwa, chesi ni imara kabisa.

"Basi panda wewe, Meneja," nikamwambia. "Ushuke mteremko hadi chini, urudi. Tunakusubiri hapa."

Alitazama saa. Akasema hakuvaa nguo za kazi. Nikamvulia ovaroli langu nikampa. Hakulipokea. Akanisogelea, akashusha sauti, lakini kijana alikuwa karibu na alisikia kila neno.

"Mama, mimi nina watoto."

Yule kijana aliweka funguo alizokwisha kukabidhiwa juu ya boneti, akamshika mchumba wake mkono, wakaondoka kwa miguu kuelekea mpakani. Kesho yake nikaambiwa umri wangu umekwenda, nikapumzike.

Sasa niko Iyula na kahawa yangu. Vijana wa ufundi wakija huniuliza kwa nini bado nina hasira na mambo yamepita. Nitaachaje? Mtu anasimama mbele yangu, bila haya, ananiambia ana watoto. Mimi ninao watatu. Nilikuwa nawaacha kwa jirani asubuhi, naenda kupanda gari.